Penalti ya Jumamosi

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe nane Novemba, mwaka wa elfu mbili ishirini na tano. Ukimwuliza Mzee Ooko atakwambia yaliharibika kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Si mvua ya mawe, si refa, wala si Nyang'au na ile mikono yake. Ni Jumamosi yenyewe. Mechi ya mwisho ya ligi ilikuwa ichezwe Jumapili, kama mechi zote tangu mwezi wa tatu. Halafu watu wenye elimu zao wakakaa ofisini, wakanywa chai iliyochumwa na wengine, wakairudisha siku moja nyuma bila kumwuliza mtu.

Na kwa nini? Mheshimiwa alikuwa na mkutano Roret siku ya Jumapili, akautaka uwanja. Basi. Mheshimiwa akitaka uwanja, hata nyasi zinasimama.

Ooko alikuwa kocha wa Kambi Juu, timu ya wachuma chai. Zamani kambi hiyo ilikuwa na watu wa kutosha timu tatu na ugomvi wa kutosha timu nne. Kisha kampuni ikaleta mashine za kuchuma. Watu wakafunga magodoro wakarudi kwao, na sasa ukipita pale jioni unasikia milango mitupu ikipigwa na upepo. Meneja mpya, kijana asiyejua hata jina la golikipa, alisema wazi: kiwanja cha mazoezi mtaachiwa mradi timu iko kwenye ligi. Mkishuka, tunapanda michai.

Kwa hiyo siku hiyo Kambi Juu walihitaji sare tu. Wapinzani wao, Wembe ya Chepilat, walikuwa nyuma kwa pointi mbili na walihitaji kushinda. Mmoja abaki, mmoja ashuke.

Kwa mtu mwingine hiyo ni hesabu ya mpira. Kwa Ooko timu ndiyo kitu pekee kilichobaki kumtoa nyumbani asubuhi. Mke wake Elmina alikuwa amekufa mwaka juzi, ameketi kwenye benchi la zahanati akimngoja daktari. Daktari alikuwa kwenye mgomo, na waliosababisha mgomo walikuwa wakitibiwa kwingine. Ooko hakuwahi kulisema jambo hilo kwa upole, na hakuona kwa nini aanze sasa.

Elmina hakumwachia mtoto wa kuzaa. Alimwachia Obure, mwana wa dada yake, aliyeletwa kwenye nyumba ile akitambaa. Sasa Obure ni mwanamume wa miaka ishirini na minne, golikipa wa Kambi Juu, mwenye mikono ya kudaka hata lawama. Anamwita Ooko "tata", yaani baba, kwa lugha ya mama yake. Na kutoka kwa Elmina amerithi vitu viwili: kicheko cha kuziba mdomo kwa kiganja, na Sabato.

Elmina alikuwa Msabato wa kweli kutoka upande wa Kisii. Ooko ni mtu wa ziwani, alibatizwa katika dhehebu lingine, na kanisani anaonekana kukiwa na maiti. Lakini kwa miaka thelathini alikaa na Sabato nyumbani kama mtu anavyokaa na jirani mkali. Humpendi, lakini saa zake unazijua. Ijumaa jua likitua, redio inazimwa. Chakula kimeshapikwa, viatu vimeshapigwa rangi. Hakuna kazi, hakuna mchezo, mpaka jua la Jumamosi litue. Ijumaa moja Elmina alifunga mlango mbele ya fundi wa bati, paa likiwa limefunguliwa nusu, wakalala wakihesabu nyota.

Alhamisi kabla ya mechi, Ooko alipanda ngazi mpaka ofisi ya ligi, juu ya duka la dawa za mifugo. Katibu wa ligi, kijana anayeitwa Vinny, alikuwa amekunja miguu na tableti yake mapajani.

"Mzee wangu, karibu. Uko sawa?"

"Siko sawa. Golikipa wangu hachezi Jumamosi. Unajua hivyo tangu mwezi wa tatu."

"Na mimi nifanye nini, mzee? Ligi haina dini."

"Haina dini, lakini mheshimiwa inaye."

Vinny alicheka kidogo, akacheka peke yake. "Sikia. Jumapili zote za Novemba uwanja umeshikwa. Mkutano, harusi, mkutano tena. Panga kikosi chako. Wachezaji si kumi na mmoja tu."

"Kambi Juu wako kumi na watatu, na mmoja ana tumbo."

"Basi mwambie huyo wako Mungu ataelewa."

"Wewe mwambie. Nyinyi wakubwa si mnaongea naye moja kwa moja?"

Alishuka ngazi akijua ameshinda maneno na ameshindwa kila kitu kingine. Ndivyo ilivyokuwa maisha yake yote na watu wa ofisini.

Jumamosi ikafika. Wachezaji wengine wawili Wasabato walisema Mungu ataelewa, wakavaa jezi. Obure alivaa suti nyeusi, akachukua Biblia, akaenda kanisani. Ooko hakumsemesha. Kwenye karatasi ya refa aliliandika jina la Obure miongoni mwa wachezaji wa akiba, kwa mazoea tu, na glavu zake akazitia mfukoni kwa mazoea vilevile.

Golini akamweka Nyang'au, beki wa kulia, Mkatoliki. Mashabiki wa Wembe waliposikia jina hilo walifurahi sana.

"Nyang'au gani huyo? Jina la mnyama, mikono ya kuku!"

"Golikipa wao ameenda kuimba! Mwiteni aje na kwaya!"

Uwanja wa Roret umelala chini ya kilima kilichovikwa michai toka mguuni hadi utosini. Kilima hicho kiko upande wa magharibi. Saa kumi na moja jua linaingia nyuma yake, na kutoka hapo unabaki na mwanga usio na mwenyewe, usijue jua liko wapi. Wenyeji hawalifikirii jambo hilo, kwa maana nani ana haja nalo?

Mechi ilianza saa tisa na nusu. Haikufika nusu ya kipindi cha kwanza, wingu likaja na mvua ya mawe. Si ile ya kuchezea watoto. Ilikuwa ile ya kupasua majani chai na kumfanya mkulima alie barabarani. Wachezaji walikimbilia kwenye baraza la darasa la shule jirani, mashabiki wakapotelea vibandani, na Vinny akajifungia ndani ya gari lake. Ilipokoma, uwanja ulikuwa mweupe kama mtu amemwaga ugali.

Refa alikuwa Maxine, mwanamke wa Sosiot, mkali, asiyecheka na mtu. Alikanyagakanyaga barafu akatikisa kichwa, akaenda kugonga kioo cha gari.

"Katibu, tuahirishe. Kanuni inasema uwanja usio na taa, jua likitua mechi imekufa. Hatutamaliza."

Vinny aliteremsha kioo kiasi cha pua. "Mtamaliza. Kesho hapa kuna mkutano. Fagieni mcheze."

"Na saa ikipita?"

"Haitapita, madam. Acha kunitafutia shida."

Ooko alikuwa amesimama pale pale na alisikia yote. Akawachukua vijana wake wakavunja matawi, wakafagia barafu, na vijana wa Wembe nao wakafagia, na kwa muda ungedhani ni timu moja. Walipoanza tena, mwanga ulikuwa umeshachoka.

Wembe walifunga kwanza. Mpira ulimpita Nyang'au katikati ya miguu kama paka anayejua nyumba. Kambi Juu wakasawazisha kwa kichwa, kona ya kwanza ya kipindi cha pili. Bao moja kwa moja. Kisha ikawa ni kusukumana tu kwenye matope, na Ooko akipiga kelele mpaka sauti ikamwisha, "Toeni! Toeni nje!" huku mashabiki waliobaki wakiwa wachache kuliko ng'ombe kwenye uzio.

Wakati huo Obure alikuwa ametoka kanisani. Kanisa lao liko juu kidogo, kando ya barabara. Alisimama nje ya uzio na suti yake, Biblia ndani ya mfuko wa nailoni, hatazami mpira. Anatazama kilima.

Dakika ya tisini na kitu, mshambuliaji wa Wembe akapenya. Nyang'au akamrukia mzima mzima. Filimbi. Penalti. Nyang'au aliponyanyuka vidole viwili vilikuwa vimeelekea upande usiofaa, na alikuwa akiviangalia kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Kocha, siwezi," alisema. "Kocha, ona."

Ooko aligeuka. Obure alikuwa ameshapita uzio, yuko nyuma yake.

"Tata."

"Umekuja kufanya nini? Kuniombea?"

"Tata, jua limetua?"

Ooko alitazama magharibi. Kulikuwa na kilima, na juu ya kilima wingu, na juu ya wingu wingu lingine. Simu zake na za vijana zilikuwa zimefungwa kwenye mfuko ndani ya darasa, zisilowe. Kwarara, wale ndege wanaopita wakipiga kelele kila jioni, siku hiyo walikuwa wamefukuzwa na mvua ya mawe tangu mapema. Hakukuwa na kitu cha kuulizwa. Kulikuwa na Maxine aliyeshika mpira, na mpiga penalti wa Wembe akifuta kiatu kwa soksi, na kiwanja cha mazoezi ambacho Ooko alikuwa akikiona tayari kimechorwa mistari ya miche.

"Limetua," alisema.

"Una hakika?"

"Nimelitazama jua la Sabato miaka thelathini kwenye nyumba ya mama yako. Unataka kunifundisha? Limetua. Vua koti."

Obure alivua koti. Akavaa jezi ya Nyang'au yenye matope, akaingiza miguu kwenye viatu vya Nyang'au, akapokea glavu zake kutoka mfukoni mwa Ooko, na suruali ya suti akaiacha hivyo hivyo. Maxine aliitazama suruali, akauweka mpira mahali pake. Vijana wa Wembe walicheka.

"Bwana harusi! Mahari umebeba?"

Mpigaji alipiga vizuri, chini, kulia kwa golikipa. Obure alikwenda kama mlango uliofungwa na upepo. Mpira ukampiga kiganjani, ukapanda juu, ukaangukia nyuma ya goli kwenye michai. Maxine akapuliza filimbi ya mwisho.

Kambi Juu wakarukiana. Obure alibaki amepiga magoti, uso umeelekea kilima. Na hapo, maana Mungu naye ana mzaha wake, wingu la chini likapasuka, mwanga mwekundu ukapita juu ya vichwa vya michai kwa muda wa mtu kukohoa, kisha ukazimika. Kila mtu aliuona.

Huo mwanga ndio uliozaa kesi zote mbili.

Jumatatu Wembe walipeleka malalamiko. Mwenyekiti wao, Nyaberi, mwenye duka la vitambaa Chepilat, alisema penalti ilipigwa baada ya jua kutua, kwa hiyo mechi ilikuwa imekufa na irudiwe. Vinny akasema ikirudiwa itakuwa Jumamosi, kwa sababu Jumapili zimejaa. Jumamosi tena! Ooko alipoambiwa alikaa chini barabarani.

Jumanne mzee wa kanisa, Gekara, akamwita Obure. Gekara si mtu mbaya. Ni baba yake Velma, msichana ambaye Obure angemwoa mwezi wa Desemba kwenye kanisa lile lile. Alisema kuna waumini waliouona ule mwanga kwa macho yao, na kama lile lilikuwa jua, basi kijana alicheza mpira ndani ya Sabato, na atafutwa ushirika. Aliyefutwa ushirika hafungi ndoa mbele ya madhabahu. Na Velma, alisema Gekara kwa sauti ya mtu anayetafuna mchanga, hatatolewa nyumbani kwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo ligi ikawataka Kambi Juu waseme jua lilikuwa juu. Kanisa likamtaka Obure aseme jua lilikuwa chini. Kwenye kituo cha kuuzia majani watu walisahau kupanga foleni kwa kubishana. Wengine walisema lile lilikuwa jua lenyewe, wengine walisema ni shuka tu la jua, mwenyewe ameshalala. Christabel, anayeuza chapati pale njia panda, ndiye aliyelisema vizuri.

"Nyinyi Kambi Juu mna jua mbili," alisema akigeuza chapati. "Mkienda ligi linapanda, mkienda kanisa linashuka. Na ni midomo ile ile!"

Ooko hakucheka. Alikuwa na mpango. Mtu asiye na cheo ana haki ya kuwa na majibu mawili, aliwaza, kwa sababu wenye vyeo wanayo kumi. Ligini atasema halijatua. Kanisani atasema lilikuwa limetua. Ofisi ni Roret mjini, kanisa ni juu barabarani, maneno hayana miguu.

Lakini Nyaberi wa Wembe, pamoja na kuuza vitambaa, ni Msabato pia. Siku ya kikao Ooko alipanda zile ngazi, akasukuma mlango, akamkuta Vinny na tableti, Maxine na uso wake, Nyaberi na tai yake. Na kwenye kiti cha ukutani, kofia juu ya goti, Mzee Gekara.

"Mimi niko tu kusikiliza," alisema Gekara. "Ndugu Nyaberi alinialika."

"Bila shaka alikualika," alisema Ooko.

Vinny alikohoa. "Tusipoteze muda. Simu inasema siku ile jua lilitua saa kumi na mbili na dakika ishirini na moja. Refa, penalti ilipigwa saa ngapi?"

"Mimi nilikuwa nahesabu dakika za mchezo tu, kwa stopwochi," alisema Maxine. "Saa yangu ya mkononi ilivunjwa na mvua ya mawe. Na nilikwambia tuahirishe. Ukaniambia nisikutafutie shida."

"Hayo si ya leo."

"Na wewe ulikuwa wapi, katibu?" aliuliza Ooko. "Una tableti, una gari, una saa ya kung'aa. Hukuangalia?"

"Nilikuwa garini. Vioo vilikuwa na ukungu."

"Ukungu!" Ooko aligeukia kila mmoja wao kama mtu anayetafuta shahidi. "Sikieni jamani. Mwenye saa alikuwa na ukungu, sasa asiye na saa ndiye aseme."

Nyaberi alilainisha tai. "Kocha, usitupeleke mbali. Wewe ndiye uliyemruhusu kijana aingie. Alikuuliza, ukamjibu. Watu walisikia. Tunataka neno moja tu. Limetua, au bado?"

Chini dukani mtu alikuwa akiulizia dawa ya kupe. Gekara alikuwa ameinama akiitazama kofia yake, na Ooko akaona kwamba yule mzee naye anaogopa jibu, lolote litakalokuwa, kwa sababu kule nyumbani kuna binti aliyeshona gauni.

Akisema neno moja, kiwanja kinakuwa michai. Akisema lingine, kijana wa Elmina anatolewa kwenye kitabu cha kanisa alilobebwa ndani yake mgongoni. Na ofisi ile ile iliyoleta Jumamosi ilikuwa imetulia kwenye viti vyake, imekunja miguu, inamngoja mchuma chai aiamulie.

"Mnaniuliza habari za jua," alisema hatimaye. "Kwani mimi ndiye niliyelitundika? Mlihamisha mechi bila mimi. Mkasema ifagiwe, ichezwe. Sasa mmeharibu, mnaniita. Mke wangu nilimleta kwenu akiwa anatembea, mkamwambia angoje. Alingoja. Mimi singoji tena. Amueni wenyewe, si ndiyo kazi yenu?"

"Mzee, mgonjwa anaingiaje hapa? Sisi ni ligi," alisema Vinny.

"Nyinyi ni wale wale."

Akatoka, na mlango hakuufunga. Nyuma yake alimsikia Vinny akisema kikao kimeahirishwa mpaka kocha atakapokuwa tayari kujibu, na Nyaberi akipinga, na Maxine akiomba ruhusa ya kwenda zake.

Obure alikuwa chini, ameegemea nguzo ya duka. Alikuwa amevaa nguo za kazi, mikono imepakwa weusi wa majani. Waliongozana mpaka walipoyapita maduka na michai ikaanza pande zote mbili za barabara.

"Umewaambia nini, tata?"

"Hakuna. Nimewatukana kidogo."

Obure alicheka akiziba mdomo kwa kiganja. Kisha kicheko kikamwisha, akasimama katikati ya njia.

"Nimefikiri. Ligi waseme wanavyotaka. Mzee Gekara naye, nitakaa naye, nitamwomba, akikataa amekataa. Hao si kitu." Alijifuta mikono kwenye suruali, mara mbili, weusi ukabaki. "Lakini usiku nikitaka kuomba, sijui niombe msamaha au nishukuru. Hapo ndipo ninakwama."

Ooko alitaka kuanza kusema juu ya Vinny, juu ya mheshimiwa na mkutano wake. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yamezoea njia. Kijana alimkatiza kwa kumshika mkono, kwa adabu, kama anavyoshikwa baba.

"Hapana, tata. Wale tuwaache kwanza. Niambie mimi peke yangu. Ulipogeuka ukatazama kilima, kabla hujaniambia nivue koti, jua lilikuwa limetua?"